Commodore 64 ya marehemu mjomba: kabla hujaichomeka

Swali: Shikamoo fundi. Mjomba alisoma Uingereza miaka ya themanini akarudi na kompyuta ya Commodore 64. Alifariki mwaka jana, na tulipokuwa tunasafisha stoo nyumbani kwake Temeke tumeikuta kwenye boksi pamoja na adapta yake, kicheza kaseti, kaseti kumi na kitu zilizoandikwa kwa kalamu, na mashine ya michezo ya Sega Mega Drive isiyo na adapta. Ganda limeingia umanjano na ukiitikisa unasikia uchafu wa mijusi ndani. Fundi TV wa mtaani anasema tuichomeke tu tuone kama inawaka. TV yetu ni flati. Je, inafaa kuhangaika nayo, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa msiba.

Inafaa kabisa. Ila mwambie fundi wako asubiri. Hiyo "tuichomeke tuone" ni hatari kwa Commodore 64 kuliko kutu, mende na mijusi yote ya Temeke. Mashine yenyewe huenda ni nzima. Wa kuogopwa ni adapta, lile dude zito kama tofali.

Adapta hiyo inatoa umeme wa aina mbili kwenye plagi moja ya duara: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Zile 5 zinapita kwenye regyuleta, kidude cha kuzishikilia volti zisipande, iliyozikwa ndani ya gundi ngumu ya epoksi. Gundi inafungia joto, regyuleta inapikwa miaka nenda miaka rudi, na siku ikifa haizimi, inaachia. Volti zinapanda. Chipu za humo zinavumilia mpaka 5.25 hivi, zikipelekewa 7 au 8, RAM (chipu za kumbukumbu) zinatangulia, PLA (chipu inayoziongoza nyingine) inafuata, na yote yanaisha ndani ya zile sekunde mnazoulizana "mbona haiwaki?"

Kuipima kwa malitimita hakutoshi. Bila mzigo inaweza kusoma 5.1 safi, halafu ikishapata moto baada ya nusu saa ikaruka. Kuifungua nako huwezi bila kuivunja. Irudishe kwenye boksi iwe kumbukumbu, au kata waya wake karibu na tofali ubaki na plagi ya pini 7, kwa sababu plagi hiyo ndiyo sehemu ngumu kuipata Dar.

Adapta mpya unaiunda hivi. Tafuta transfoma ya kawaida ya volti 230 kwenda 9 za AC, yenye uwezo wa ampea 1 au zaidi, na adapta ya DC ya volti 5, ampea 2 au 3, ile yenye uzito mkononi na iliyoandikwa vipimo vyake vizuri. Chaja za simu za barabarani uziache. Viweke vyote viwili kwenye boksi moja la plastiki lililofungwa kwa skrubu, na fyuzi upande wa 230. Kama hujazoea kushika umeme wa ukutani, sehemu hiyo mpe fundi umeme; si pa kujifunzia. Kwenye plagi, pini 5 ni chanya ya volti 5, pini 2 ni hasi, pini 6 na 7 ni zile 9 za AC, na hizo mbili haijalishi ipi inakwenda wapi.

Usiziamini rangi za waya. Weka malitimita kwenye mlio (inalia ncha zake mbili zikiwa zimeungana), kompyuta ikiwa haina umeme lakini swichi yake iko ON. Gusa pini 5 ya tundu la umeme na mguso wa 2 wa user port, ile reli pana ya nyuma upande wa kulia ukiitazama mashine kwa nyuma ikiwa imekaa kawaida: lazima ilie. Pini 2 na mguso wa 1: lazima ilie. Kisha chomeka adapta ukutani peke yake, bila kompyuta, upime plagi. DC iwe kati ya 4.9 na 5.2. AC bila mzigo itasoma 10 au 11, usishtuke, itashuka ikipata kazi. Na kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa kile kile cha kulinda friji kinafaa kukaa kati ya ukuta na adapta.

Kabla ya kuwasha, fungua. Skrubu ni tatu tu, chini, kwenye ukingo wa mbele. Inua kifuniko taratibu kama unafungua kitabu, kwa kuwa kibodi imefungwa juu na nyaya zake zinashuka kwenye bodi. Chomoa ile plagi ndefu ya kibodi na ile ndogo ya taa. Mashine nyingi za Ulaya zina karatasi ngumu yenye utepe wa fedha imelala juu ya bodi. Itoe na usiirudishe: inazuia joto kutoka, kwa hewa yetu inanyonya unyevu kama sifongo, na utepe ukibanduka unaweza kuunganisha miguu ya chipu.

Sasa mijusi. Ile ncha nyeupe ya kinyesi chao ni asidi, na ikikutana na unyevu wa pwani inakula shaba ya bodi. Kwanza ondoa uchafu mkavu kwa brashi laini ya rangi, ukiwa umefunga pua. Kisha tumia isopropili ya asilimia 99, ile mafundi simu wa Kariakoo wanayosafishia bodi zilizoingia maji, na mswaki laini. Spiriti ya jiko yenye rangi usiitumie, inaacha utando. Spiriti ya dukani ya dawa nayo mara nyingine imetiwa mafuta. Tazama kwa taa miguu ya chipu na njia za shaba zilizokuwa chini ya uchafu. Ukiona kijani, sugua mpaka uone shaba au bati, kisha pima kwa mlio kama njia haijakatika. Acha ikauke usiku mzima.

Chipu zilizo kwenye soketi, zisukume kwa dole gumba moja moja zikae vizuri. Miaka ya joto na baridi inazipandisha kidogo kidogo, na kuna mashine zinazofufuka kwa hilo tu.

Kuhusu TV. Mashine ya Uingereza inarusha picha kwa waya wa antena kwenye chaneli 36 ya UHF. Flati yako huenda bado ina utafutaji wa analojia kwenye menyu, ingawa matangazo ya analojia Dar yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, lakini picha itakuwa na chenga na sauti inaweza kuwa mvumo mtupu kama TV imewekwa mfumo wa sauti tofauti na wa Uingereza. Tumia tundu la AV. Nyuma ya kompyuta kuna tundu la duara la pini 5 au 8, na plagi ya DIN ya pini 5 ya redio za zamani inaingia kwenye yote mawili. Hapa ndipo watu wanakosea: pini hazihesabiki kwa kufuatana. Ukizunguka nusu duara kutoka ncha moja mpaka nyingine unakutana na 1, 4, 2, 5, 3. Ya katikati kabisa ni 2, na hiyo ni hasi. Pini 4 peleka kwenye jeki ya njano, pini 3 kwenye jeki nyeupe ya sauti, na pini 5 usiiguse, maana hiyo ni mlango wa kuingizia sauti. Namba huwa zimechongwa kwa herufi ndogo sana ndani ya plagi, upande unaolehemu. Zisome kwa tochi ya simu badala ya kukisia.

Baadhi ya flati hukataa picha hii na kuandika hakuna signali, kwa kuwa mistari yake haipishani kama ya matangazo ya kawaida. Kabla hujailaumu kompyuta, azima TV ya chogo. Picha yenyewe kwenye chogo ni nzuri zaidi, na za bure bado zimejaa mitaani. Ila usilifungue chogo lenyewe, mle ndani mna zaidi ya volti 20,000 zinazobaki hata likiwa limechomolewa.

Washa sasa, bila kaseti, bila joistiki. Baada ya sekunde tatu hivi unatakiwa uone kioo cha bluu chenye fremu ya bluu nyepesi, maneno COMMODORE 64 BASIC V2, na chini yake 38911 BASIC BYTES FREE, kisha READY na kisanduku kinachopepesa. Ukiipata hiyo 38911 kamili, RAM zote zimejibu. Ikiwa pungufu, kuna chipu ya RAM inayoumwa.

Usipoipata, usikimbilie kubadilisha kapasita zote kama video za mtandaoni zinavyofundisha. Kapasita za Commodore 64 kwa kawaida ni imara, na bodi nyingi zimeharibiwa na pasi ya kulehemu kuliko na kapasita. Sikiliza mashine inasema nini.

Taa haiwaki kabisa: pima volti 5 kwenye mguso wa 1 na wa 2 wa user port. Hakuna kitu? Swichi imeota kutu ndani. Nyunyizia dawa ya kusafishia miguso, igeuze mara thelathini.

Taa inawaka lakini TV inasema hakuna signali, hata ile ya chogo haioni chochote: hii ni tofauti na kioo cheusi, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuokolea siku nzima. Kwenye mashine za umbo la kwanza, lile la mviringo kama mkate, taa inakula volti 5 za moja kwa moja, lakini chipu ya picha na saa ya mashine vinapata volti zao kutoka kwenye zile 9 za AC, kupitia regyuleta mbili za humo ndani, 7805 na 7812. Kwa hiyo 9 zikikosekana, taa inawaka kama kawaida na picha haizaliwi. Pima AC kwenye mguso wa 10 na wa 11 wa user port. Ukikuta sifuri, tazama fyuzi iliyo kwenye bodi upande wa tundu la umeme, ya ampea 1.5. Weka nyingine ya ampea 1.5. Mtindo wa kuzungushia uzi wa shaba uuache kwa mafundi wa redio za mbao. Kama 9 zipo, pima mguu wa kutokea wa kila regyuleta: moja itoe 5, nyingine 12.

Taa inawaka na kioo ni cheusi lakini kimetulia, TV imekubali kuna picha: hapo chipu ya picha inafanya kazi na tatizo liko kwenye PLA, RAM au ROM (chipu zenye programu za kiwandani). PLA ni ile yenye miguu 28 iliyoandikwa 906114-01, kwenye bodi imepewa U17, na inajulikana kwa kufa. Hata ikiwa nzima inaunguza kidole, kwa hiyo joto lake si ushahidi. Joto la RAM ndilo ushahidi. Ziko nane zinazofanana, U9 mpaka U12 na U21 mpaka U24, miguu 16 kila moja. Baada ya dakika mbili zipitishie kidole. Zote zikiwa vuguvugu na moja inachoma, umempata mgonjwa. Ukizikuta zina alama ya mT, zitazame kwa jicho baya tangu mwanzo. Ukitaka uhakika, agiza katriji ya Dead Test, nambari 781220. Inafanya kazi hata mashine ikiwa nyeusi, na idadi ya mara kioo kinapowaka na kuzima inakuonyesha chipu gani mbovu.

Ukipima umeme kwenye RAM hizo, kumbuka 4164, ndiyo aina ya RAM hizo, imekaa kinyume na chipu nyingi: mguu wa 8 ndio chanya, wa 16 ndio hasi. Wengi wameitangaza chipu nzima kuwa mbovu, au wamefunga mpya ikiwa imegeuzwa, kwa kutojua hilo. Tafuta ya nanosekunde 200 au ya kasi zaidi (mwisho wa namba yake -20, -15 au -12).

Kuitoa: usivute. Bodi ina shaba pande zote mbili na mirija myembamba inayoziunganisha, ukivuta unatoka nayo. Chipu imeshakufa, kwa hiyo kata miguu yake yote kwa koleo kali karibu na mwili, itoe, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa pasi ya nyuzi 350 ukiongeza risasi mpya kidogo kwanza, maana risasi kavu ya zamani haishiki joto. Nyonya tundu kwa pampu. Weka soketi, halafu chipu mpya kwenye soketi.

Picha safi lakini kibodi haijibu: hapo mtuhumiwa ni CIA, chipu inayosoma kibodi na joistiki, ya 6526 iliyo U1. Ziko mbili zinazofanana, U1 na U2. Kama ziko kwenye soketi, zibadilishane nafasi. Kibodi ikifufuka na mlango wa diski ukafa, jibu unalo. CIA hufa pia kwa mtu kuchomeka joistiki mashine ikiwa imewashwa na vidole vikigusa pini zake, basi watoto wa nyumbani uwaambie mapema.

Kama ni herufi chache tu hazibonyezeki, CIA haina kosa. Geuza kibodi, yeyusha lehemu la nyaya mbili za SHIFT LOCK, fungua skrubu ndogo zaidi ya ishirini, na utaona vidoti vyeusi vya kaboni chini ya kila kibonye. Vifute kwa pamba yenye isopropili kidogo, na miguso inayotazamana navyo pia. Usivikwangue, ule weusi ndio unaopitisha umeme. Ukirudisha skrubu kaza kwa mkono mwepesi. Matundu ni ya plastiki ya miaka arobaini.

Sauti ikikosekana na mengine yakiwa sawa, ni chipu ya SID. Usiagize kwa pupa: 6581 inatumia volti 12 na 8580 inatumia 9, hazibadilishani hivi hivi, na mtandaoni zimejaa bandia zilizofutwa namba zikaandikwa upya. Commodore ilifilisika 1994, hakuna anayezitengeneza tena. Za kisasa za kuziiga, kama ARMSID, ni salama zaidi.

Umanjano ni wa kuachwa ulivyo. Kwa kawaida husemwa unatokana na dawa ya kuzuia moto iliyochanganywa kwenye plastiki. Kama lazima, ni peroksaidi ya saluni iliyoandikwa 40 vol, yaani asilimia 12, ukapaka ganda tupu lililooshwa, ukafunika kwa nailoni nyeupe na kuanika juani kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, ukipaka upya kila dakika ishirini. Jua letu la saa saba linapinda plastiki na kuacha mabaka meupe ambayo hayatoki tena. Vaa glavu. Na umanjano hurudi.

Sega ni rahisi: Mega Drive ya kwanza inataka volti 9 mpaka 10 za DC, ampea 1.2, na tofauti na adapta nyingi za madukani, katikati ya plagi ni hasi. Ya pili katikati ni chanya na plagi ni nyembamba. Soma mchoro mdogo kwenye mashine. Katriji zisafishe kwa pamba na isopropili. Kuzipuliza kwa mdomo ni kuzimwagia mate.

Nimeziacha kaseti mwisho kwa sababu hizo hazina spea. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na TV zilizokuwepo Dar zilikuwa zinadaka Zanzibar. Mtu aliyekuwa na Commodore 64 mjini hapa hakuwa na duka la kununulia michezo, kwa hiyo kaseti zilizoandikwa kwa kalamu zinaweza kuwa na programu alizoandika mjomba mwenyewe.

Tazama utepe kwa dirisha la kaseti. Ukiona unga mweupe ni ukungu. Izungushe kwanza kwa kalamu ya Bic nje ya mashine, mwanzo hadi mwisho, uufute kwa kitambaa kikavu kinachogusa kwa mbali, kisha safisha kichwa cha kicheza kaseti kila baada ya kaseti moja. Angalia na mkanda wa mpira wa ndani, ukiwa umegeuka lami usiwashe mota. Kabla ya kupakia chochote, cheza kila kaseti kwenye deki yoyote nzima ukirekodi kwenye laptop kwa hezi 44,100, biti 16, bila kupunguza kelele. Programu ya Audiotap itageuza rekodi hiyo kuwa faili la TAP, yaani nakala ya kaseti. Ndipo uandike LOAD, ubonyeze PLAY, na ikishamaliza andika LIST usome mistari. Lakini hata kabla ya hapo, vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti, ili mkono wa mtu usije ukarekodi juu yake.